Niliingiza Vidole Kwenye Majivu, Nikamfuta Gogo Tabitha

Sitaanza kwa kujitetea. Mimi ndiye niliyeandika kwamba Gogo Tabitha hayupo kambini, huku jirani yake amesimama mbele yangu akiniambia yupo. Sikuwa mlevi. Sikuhongwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na akili timamu na shahada ya takwimu, na ndiyo maana aibu yangu haina pa kujificha.

Jina langu silitoi. Ukitaka kunitukana, nitukane hivyo hivyo bila jina. Itanifikia.

Mimi ni wa Nakuru, nimezaliwa na kusomea huku huku. Tangu chuoni mimi ni mtu wa kuuliza. Pasta akisema mvua imeletwa na maombi, namuuliza na mafuriko je, aliyaomba nani? Mama akileta nyumbani chupa ya mitishamba inayotibu magonjwa yote, naihoji ile chupa mpaka ananinyang'anya. Marafiki zangu walinibandika jina la Ushahidi. "Niaje, Ushahidi?" Nalo nililipenda! Nilijiona bingwa. Niliamini kwamba mtu asiyeamini chochote hawezi kudanganywa. Upumbavu mtupu.

Mafuriko yaliposomba nyumba za watu upande wa Rongai, waliohama waliwekwa kwenye uwanja mmoja mpana, mahema meupe safu kwa safu. Makaratasi yaliwaita wakimbizi wa ndani. Shirika moja lilikuwa likileta chakula kila mwezi: unga, maharagwe na mafuta ya kupikia. Mimi nilipata kandarasi ya kufuatilia.

Kufuatilia ni nini? Ni kufika wiki mbili baada ya lori kuondoka, ukiwa na tableti mkononi na fulana yenye nembo, ukamuulize mama aliyelala njaa kama ameridhika na huduma. Mnagawiwa vizuri? Katika siku saba zilizopita, maharagwe mmekula siku ngapi? Nani huamua cha kupika? Nani huamua! Mtu ana vitu vitatu ndani ya hema, mimi namuuliza nani huamua.

Majibu yalifanana. Hema hili: "Tunakula mara moja." Hema lile: "Mara moja tu, boss." La tatu, la kumi, hivyo hivyo. Mimi Ushahidi nikashtuka. Nikajiambia hawa wamefundishana jibu. Haikunipitia akilini kwamba watu wanaokula chakula kilekile, kutoka lori lilelile, wanaweza tu kuwa na njaa ileile.

Na nisikudanganye, mahema hewa yalikuwepo. Kuna waliokuwa wamesharudi kwa jamaa zao, wakawa wanatokea siku ya mgao tu, na bunda la kadi za mgao mfukoni, yaani kadi yake, ya shangazi na ya binamu. Bosi wangu, ambaye hapa nitamwita Madam Pauline, lilimkera sana jambo hilo.

"Nataka kujua wanaoishi hapa ni nani," aliniambia. "Si wanaopita. Wanaoishi."

"Nitakupatia," nikasema.

Asubuhi moja ya baridi nilifika kambini mapema kuliko kawaida. Jua halijatoka sawasawa. Nikachuchumaa kwenye jiko la mtu nje ya hema, yale mawe matatu, nipashe mikono. Hakukuwa na moto, ni majivu tu, lakini nilipotia vidole ndani nikakuta joto. Mtu alipika hapa jana jioni. Nikasogea jiko la pili. Joto. La tatu likawa baridi kama jiwe la mtoni, na hema lake kweli lilikuwa na kufuli na utando wa buibui mlangoni.

Ungeniona! Nilikuwa kama mtu aliyegundua umeme. Watu wanaweza kufundishwa la kusema, nilijiambia, lakini majivu hayana wa kuyafundisha. Nikamweleza Madam Pauline kwa simu palepale, nikitetemeka kwa baridi na kwa kiburi. Akacheka. "Wewe kijana ni noma. Endelea."

Basi nikawa napita alfajiri nikipapasa majiko ya watu. Vidole viwili, hadi chini. Joto: yupo. Baridi asubuhi tatu mfululizo: hayupo. Niliita hiyo mbinu ya kisayansi. Wanawake wa kambi waliniita Bwana Majivu, na walikuwa wakinitania nikipita.

"Bwana Majivu, leo umekula?"

"Angalia asije akala hiyo jivu!"

"Muache, amesomea."

Nilitabasamu tu. Niliona wananiogopa kwa sababu nimewapata.

Sasa nikupeleke kwa Gogo Tabitha. Gogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na kambi nzima ilimwita hivyo. Alikuwa akilea wajukuu wawili, msichana wa darasa la saba aitwaye Chela na mdogo wake wa kike. Hema lake lilikuwa la mwisho kwenye safu, karibu na ua wa michongoma. Jiko lake nililipapasa asubuhi tatu. Baridi, baridi, baridi. Asubuhi ya tatu nilikuta kuku ameatamia katikati ya majivu, amejituliza kama yuko kwake.

Nikacheka peke yangu. Nikampiga picha.

Hema la jirani likafunguka, akatoka Mama Wanjiru, mama wa watoto wanne, kanga imefungwa kichwani, mwiko mkononi.

"Wewe unatafuta nini kwa jiko ya mtu?"

"Mwenye hema hili yuko wapi?"

"Gogo? Ameenda kuni. Wasichana wako shule, wametoka saa hii."

"Jiko lake halijawashwa siku tatu."

"Halijawashwa mwezi!" akasema, akicheka. "Sisi tunapika pamoja. Anachukua unga yake, mimi yangu, tunatia sufuria moja. Kuni iko wapi ya kuwasha majiko mawili? Njoo uone, ile sufuria kubwa ni yake."

Sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo ungamo langu lilipo. Aliniambia. Kwa Kiswahili rahisi, uso kwa uso, aliniambia. Sufuria ilikuwa hatua kumi kutoka nilipochuchumaa. Sikuinuka kwenda kuiona.

"Mama," nikamjibu, "kila mtu hapa ana jirani wa kumtetea."

Akaacha kucheka. "Kwani naficha nini?"

"Sijasema unaficha."

"Umesema."

Nikabonyeza tableti: hayupo. Nikaenda zangu hema la pili. Niliona nimeshinda mabishano.

Kaya kumi na moja niliziandika hivyo. Ripoti ikapendwa mno. Tukaitwa hoteli moja pale mjini Nakuru, vitambaa vyeupe mezani, chupa ya maji mbele ya kila mtu, nami nikasimama na kurusha picha ya kuku ukutani. "Mheshimiwa huyu," nikasema, "ndiye mkazi pekee tuliyemkuta." Ukumbi ukacheka! Watu wazima wenye tai walipangusa machozi. Mmoja akauliza kama kuku naye ana kadi. Nikaongeza chumvi, nikasema tutamsajili. Jumamosi ofisi ikatupeleka Kikopey kula nyama choma kwa ajili ya kazi nzuri. Nilikula mbavu nikiwaeleza wenzangu jinsi watu maskini walivyo wajanja. Nilikuwa na mafuta hadi kwenye viwiko.

Siku ya mgao nilikuwepo. Majina yakasomwa kwa kipaza sauti, safu baada ya safu. Gogo Tabitha alikuwa amesimama tangu mapema, gunia tupu limekunjwa vizuri chini ya kwapa, kadi mkononi. Wakasoma hadi mwisho. Akangoja. Watu wakaanza kujitwika unga na kuondoka, yeye bado anangoja, kama mtu anayedhani msomaji ameenda tu kunywa maji.

Mwishowe akaja mezani kwangu.

"Kijana wangu, jina yangu imerukwa."

"Haijarukwa, Gogo. Imetolewa. Kulikuwa na uhakiki."

"Uhakiki ni nini?"

"Tulikagua nani anaishi kambini."

"Na mimi naishi wapi?"

Nikamweleza habari ya majiko. Nilimweleza pole pole, kwa ile sauti tunayotumia na wazee, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio yake. Akanisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake mtu akaangua kicheko, lakini yeye hakucheka.

"Kwa hivyo wewe uliona jiko," akasema. "Mimi hukuniona."

"Ndiyo utaratibu, Gogo."

"Sasa nifanye nini ndio nionekane?"

"Ngoja uhakiki ujao."

Akalikunja gunia lake upya, mara mbili, mara nne, akaenda. Mimi nikamwita anayefuata.

Nilirudi mwezi uliofuata kuhakiki tena. Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Na unajua nilikuta nini? Majiko yote yana joto! Kila hema, kila safu. Mengine yalikuwa yanawaka kabisa saa kumi na mbili asubuhi, moshi umetanda uwanja mzima, watoto wanakohoa ndani. Nikafurahi! Nikaandika kwamba uhakiki umefanikiwa, wakazi wasio halali wameondoka, kambi imetulia. Sentensi hiyo niliiandika nimesimama ndani ya moshi, machozi yananitoka, na bado sikujiuliza moshi wote huo unapika nini.

Mimi! Ushahidi! Niliyemuuliza pasta kuhusu mafuriko!

Nilifika safu ya mwisho. Jiko la Gogo Tabitha lilikuwa linawaka kuliko yote. Alikuwa amelikinga mvua kwa kipande cha bati, amechuchumaa pembeni, anapuliza. Ua wa michongoma ulikuwa umekatwa hadi kwenye visiki. Aliponiona hakuniamkua. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, vidole vikavu vyenye nguvu, akanivuta chini.

"Papasa."

"Gogo, naona. Moto upo."

"Hapana. Wewe huamini macho. Papasa."

Nikasogeza vidole hadi joto likaniuma, nikavirudisha.

"Ni moto?"

"Ni moto, Gogo."

"Andika."

Nikaandika. Kisha, kwa mazoea tu, kwa kuwa swali lilikuwa limeandikwa kwenye tableti, nikamuuliza: "Leo umepika nini?"

"Sijapika," akasema. "Nimewasha."

Nikatazama. Sufuria ile kubwa ilikuwa imefunikwa kifudifudi kando ya hema, na mchwa wameshaanza kujenga chini yake. Nikauliza wanakula wapi. Akasema wasichana wanakula uji wa shule. Na yeye? Akapuliza moto.

"Si mlikuwa mnapika na Mama Wanjiru?"

"Ilikuwa kabla yako."

Ikabidi niende kwa Mama Wanjiru. Alikuwa ndani ya hema, hakutoka. Tuliongea kitambaa kikiwa katikati yetu.

"Walisema nyumba mbili kwa jiko moja, moja inafutwa," akasema. "Mwezi wa kwanza nilimlisha. Unga ya watu watano tukala watu wanane. Nilimlisha! Halafu nikasikia utapita tena. Mimi nina watoto wanne, boss. Nikamwambia Gogo, washa yako."

"Nani alisema moja inafutwa?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi kusema hivyo."

"Ulimfuta. Unataka useme namna gani tena?"

Nilisimama pale kwenye tope. Wanawake hawa wawili walikuwa wametoka kwenye mafuriko bila kijiko. Hakuna warsha iliyowafundisha. Hakuna afisa aliyewapangia. Walikaa wakafikiri, wakaona kuni ni chache na unga ni mdogo, wakaunganisha. Ndicho kitu pekee pale uwanjani kilichokuwa kinafanya kazi sawasawa, nami nilikivunja kwa vidole viwili. Na kambi nzima sasa ilikuwa inachoma kuni isizokuwa nazo, miiba ya ua, matawi mabichi, viatu vya plastiki, ili mimi nipite nikaone joto.

Nikaenda mbio ofisini. Hapo walau nilifanya haraka. Madam Pauline akanisikiliza huku anajibu ujumbe kwenye simu.

"Orodha ya mwezi huu imeshatumwa," akasema. "Lori limeshapangwa. Mrudishe mzunguko ujao."

"Lakini Madam, mbinu yenyewe ni mbovu. Wale kumi na mmoja, sijui hata ni wangapi walikuwa..."

Akainua macho. "Wewe ndiwe ulisimama pale hotelini."

"Najua."

"Basi andika barua. Sema mbinu yako ilikuwa mbovu, uweke sahihi, niipeleke juu. Kandarasi yako inaisha mwezi huu, unajua hilo?"

Nilijua. Nikaenda kwenye meza yangu kuandika ile barua. Hii hapa ndiyo sehemu ninayoionea haya kuliko ile ya kuku: niliandika mistari miwili. Kwamba kaya moja irejeshwe kutokana na taarifa mpya. Taarifa mpya! Taarifa niliyopewa na mwanamke mwenye mwiko kabla sijabonyeza chochote. Kuhusu wale kumi wengine sikuandika neno. Sijawahi kuwarudia. Huenda saba walikuwa hewa kweli. Huenda wote kumi walikuwa wanapika kwa jirani. Mimi mwenye kuuliza kila kitu sikutaka kuuliza hilo, kwa kuwa jibu lake lingekuwa na jina langu.

Kandarasi iliongezwa.

Mgao wa mwezi ule ukampita Gogo tena, wa pili. Wa tatu jina lake lilikuwepo kwenye orodha, nililikagua mwenyewe mara nne. Nilisimama karibu na kipaza sauti. Likasomwa. Kimya. Likasomwa tena. Nikamwambia msomaji arudie kwa sauti kubwa zaidi, labda yuko nyuma. Akarudia. Watu wakaanza kutazamana.

Mama Wanjiru alikuwa kwenye foleni, gunia begani. Akanitazama mimi, si msomaji.

"Ameenda Molo wiki jana," akasema. "Na wasichana wote. Kuchimba viazi kwa shamba ya watu." Kisha akaelekeza kidole kwenye tableti yangu. "Sasa hayupo. Andika."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenitusi.

Nilimtafuta. Nilienda Molo, nikauliza shamba hadi shamba kwenye ukungu ule, nikampata chini ya kibanda cha mabati anachagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Chela alikuwa kando yake anashona mdomo wa gunia kwa kamba. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya shule. Nilimwambia jina lake limerudi. Nilimwambia chakula kipo, kimewekwa kwa mwenyekiti wa kambi, nimekuja na gari la kukodi, twende.

"Ulikuja mbali," akasema.

"Gogo, nilikosa. Nisamehe."

"Nimesikia." Akaendelea kuchagua. "Lakini siwezi kurudi mahali naomba kijana athibitishe kwamba niko. Hapa nikifanya kazi, jioni wananipa debe ya viazi. Hakuna mtu ameshika jiko yangu."

"Na shule ya Chela?"

Aliinua macho kwa mara ya kwanza. Chela naye aliacha kushona.

"Unaniuliza mimi?" Gogo akasema.

Msichana akainamisha kichwa akaendelea na gunia. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja na nusu amalize, na mwalimu wake, niliambiwa baadaye, alikuwa akimtegemea. Mwisho wa muhula uliofuata nilipiga simu kuuliza. Bado yuko shambani. Nimejitolea kumlipia shule ya bweni, Gogo amekataa, na sina haki ya kumlaumu. Angeniamini kwa ushahidi gani?

Niliacha kazi. Usinipigie makofi, niliacha nikiwa nimechelewa, baada ya kula kandarasi ya pili hadi mfupa. Mama huniuliza mbona siku hizi siwahoji tena watu mezani. Namwambia nimechoka.

Lakini sijakuandikia ili unionee huruma. Nimeandika kwa sababu ile mbinu haikuondoka nilipoondoka mimi. Ilikuwa nzuri mno kwa wenye tai. Waliiingiza kwenye fomu, nimeiona kwa macho yangu kwa rafiki anayefanya kazi hiyo kambi nyingine: swali la kumi na nne, Je, jiko lina joto? Ndiyo au hapana. Hakuna nafasi ya kueleza. Nimewaandikia barua, ndefu safari hii, na kila kitu ndani. Wamenijibu kwamba wanashukuru kwa maoni yangu.

Basi nakuandikia wewe, uliyeajiriwa juzi, mwenye tableti mpya, usiyedanganyika. Najua uko hapo, na najua jinsi unavyojipenda. Ukifika swali la kumi na nne, usichuchumae. Simama wima, mtazame mtu usoni, umuulize jana alikula kwa nani. Na akitokea jirani na mwiko mkononi akakuambia wanapika pamoja, mfuate hadi kwenye sufuria. Ni hatua kumi tu! Mimi sikuzipiga, na sasa msichana wa darasa la saba anashona magunia Molo.